Kidonge cha Sonona kwa Mwenye Kipandauso



Barua nyingi zinazotufikia kuhusu maradhi huuliza dawa. Hii tunayoijibu leo yauliza heshima. Mama mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ana binti yake aliyeolewa Nakuru, katika mtaa wa Bondeni. Binti huyo amekuwa akishikwa na kichwa tangu alipovunja ungo, na baada ya uzazi wa pili kichwa kikamzidi, hata akawa hulala kitandani siku sita au saba katika kila mwezi, madirisha yamefungwa na watoto wamepelekwa kwa jirani. Akaenda hospitali, akapimwa, akaandikiwa vidonge viitwavyo amitriptilini, kimoja kila usiku. Wifi yake akalitafuta jina lile katika simu, akasoma kwamba ni dawa ya sonona. Kabla ya adhana ya magharibi habari ilikuwa imeshazunguka nyumba nzima: mkazamwana anameza dawa ya wazimu, na watu wa Mombasa walilijua hilo, wakalificha siku ya posa. Sasa mume anaambiwa na wakubwa wake ayafikirie tena mambo yake.

Mama huyo anatuuliza mambo matatu. Je, daktari alikosea, au alimficha binti ugonjwa wake wa kweli? Je, aviache vidonge ili ndoa isalimike? Na mwezi wa Ramadhani ukiingia, atafanyaje?

Tumelipa jambo hili ukurasa mzima kwa sababu twajua nyumba hiyo si ya pekee. Baina ya pwani yetu na Nakuru pana zaidi ya kilomita 600, lakini udugu ni wa tangu zamani. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nakuru mwaka 1900, na pamoja nayo wakaja mafundi, wapagazi, wachuuzi na walimu wa madrasa, wakaweka makazi. Wajukuu wao wako Bondeni hadi leo. Na hivi sasa mabinti zetu wengine wanakwenda huko kwa ndoa, wengine kwa masomo, wengine kwa kazi katika mashamba ya maua ya Naivasha. Mtoto aliye mbali akiumwa, mama yake hubaki na simu tu, na simu huleta habari nusu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kipandauso si kila maumivu ya kichwa. Aghalabu hushika upande mmoja, kikawa kinagonga kwa mapigo kama ngoma, na mtu akiinuka au kupanda ngazi kinazidi. Huja na kichefuchefu, na pengine kutapika. Mwanga unachoma, sauti za watoto zinaumiza, harufu ya chakula haivumiliki. Kisipotibiwa hudumu kuanzia saa 4 hadi siku 3. Baadhi ya wagonjwa hutanguliwa na ishara: vimulimuli machoni, mistari inayopinda na kumetameta, au ganzi inayotambaa kutoka kidoleni hadi shavuni, kisha baada ya muda usiofika saa moja maumivu yanaanza. Wanawake hupatwa na maradhi haya mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na sababu kubwa ni kupanda na kushuka kwa homoni za kike. Ndiyo maana huanza wakati wa balehe, hukaza siku za hedhi, na kwa wengi hupungua hedhi inapokatika kwa umri. Aidha ni maradhi yanayorithiwa. Mgonjwa akiulizwa sawasawa, mara nyingi humkumbuka mama yake au shangazi yake aliyekuwa akijifunga kitambaa kichwani na kulala gizani.

Wala si maradhi ya kigeni katika dini yetu. Waarabu huyaita shaqiqa, neno lenye maana ya nusu ya kitu kilichopasuliwa, kwa kuwa huushika upande mmoja wa kichwa. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas, katika mkusanyo wa Imam Bukhari, kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alipigwa chuku kichwani akiwa katika ihramu kwa sababu ya maumivu hayo. Hatuitaji habari hii ili kuwaambia wasomaji waache vidonge waende chukuni. Tunaitaja kwa wale wanaodhani kwamba mwanamke anayeshikwa na kichwa ni mvivu wa kupika au ana shetani. Aliyekuwa bora wa viumbe alishikwa na maumivu hayo, na akajitibu.

Sasa matibabu. Dawa za kipandauso ni za namna mbili, na kutozitenganisha ndiyo chanzo cha makosa mengi. Namna ya kwanza ni zile za kuzima moto uliokwisha kuwaka: parasetamoli, aspirini, ibuprofeni, na kwa wanaoandikiwa na daktari, dawa za jamii ya triptani. Hizi hufaa zikinywewa mapema, maumivu yanapoanza, wala si baada ya kuvumilia kutwa nzima. Namna ya pili ni dawa za kinga. Hizi hunywewa kila siku, kichwa kiume kisiume, ili mashambulio yapungue. Mtu akimeza dawa ya kinga wakati kichwa kinagonga hatapata nafuu yoyote siku hiyo, kisha atasema dawa haifai.

Kwa nini binti yetu asiendelee tu na vidonge vya dukani? Kwa sababu vidonge vyenyewe vikizidi huzaa maumivu. Mtu mwenye kipandauso anayetumia parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi katika mwezi, au vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini au kodeini siku 10 au zaidi, kwa muda wa miezi mitatu na kuendelea, huweza kuingia katika maumivu ya kila siku yanayoletwa na dawa ile ile. Kichwa kinauma, anameza. Dawa inapoisha mwilini, kichwa kinauma tena. Wako mama zetu wengi, pwani na bara, walio katika duara hili bila kujua, na sanduku la mkoba wao lina vidonge vya rangi zote. Kwa hiyo mgonjwa anayeshikwa siku nne au zaidi kwa mwezi, au ambaye mashambulio machache humlaza kabisa, daktari humfikiria dawa ya kinga. Binti wa siku sita au saba ameingia katika hesabu hiyo waziwazi.

Hapa ndipo inapoingia amitriptilini. Ni dawa ya zamani. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1961, na ni kweli ilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye sonona, yaani huzuni nzito inayomkalia mtu wiki hadi wiki ikamwondolea hamu ya chakula, usingizi na maisha. Lakini haikupita miaka mingi waganga wakaona kwamba wagonjwa wao waliokuwa pia na kipandauso walipungukiwa na kichwa. Mwaka 1973 jarida moja la Uingereza la elimu ya neva lilichapisha jaribio la Gomersall na Stuart, ambapo dawa hii ililinganishwa na vidonge visivyo na dawa ndani, na mashambulio yakapungua kwa waliotumia dawa. Mwaka 1979 huko Marekani, Couch na Hassanein wakaliangalia swali ambalo ndilo la barua yetu: je, kichwa kinapungua kwa sababu huzuni imepungua? Walichokiona ni kwamba kinga dhidi ya kipandauso kwa kiasi kikubwa haitegemei kupungua kwa sonona. Hata asiye na huzuni yoyote dawa humsaidia kichwa.

Sababu yake si muujiza. Ubongo hupelekeana habari kwa kemikali, na mbili kati ya hizo, serotonini na noradrenalini, zina kazi zaidi ya moja. Zinahusika na hali ya moyo wa mtu, na zinahusika vilevile na njia zinazopitisha maumivu na zinazoyazuia. Ubongo wa mwenye kipandauso ni mwepesi kushtuka. Jambo dogo kama usiku mmoja bila usingizi linatosha kuuwasha mshipa wa fahamu unaohudumia uso na utando wa ubongo. Amitriptilini huzizidishia kemikali zile nguvu, na baada ya wiki kadhaa ubongo huwa mzito zaidi kushtuka.

Karafuu tunaitia katika pilau, na karafuu hiyo hiyo tunaiweka katika jino bovu. Aliyemwona jirani yake ameshika karafuu shavuni hasemi kwamba anapika. Propranololi, ambayo ni dawa ya presha na moyo, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya kukinga kipandauso, na hatujasikia mkazamwana aliyerudishwa kwao kwa kuwa na dawa ya presha. Dawa za kifafa nazo hutumika kwa kichwa. Ni jina la sonona peke yake linalotia watu hofu, na hofu hiyo twajua ilikotoka: kwa vizazi kadhaa nchini Kenya, kutajiwa Mathari kulitosha kumfanya mtu atengwe na ukoo wake.

Kipimo nacho kinasema. Anayetibiwa sonona kwa amitriptilini aghalabu hufikishwa miligramu 75 hadi 150 kwa siku. Mwenye kipandauso huanzishwa miligramu 10, au nusu ya kidonge cha 25, na wengi hutosheka kati ya 25 na 50. Basi hata wifi mwenye simu angeweza kuusoma ukweli kama angetazama namba iliyoandikwa juu ya pakiti kabla ya kuita watu barazani.

Kwa hiyo swali la kwanza la mama tunalijibu hivi: kwa maelezo aliyotupa, daktari hakukosea wala hakuficha. Alichopungukiwa, tukiruhusiwa kusema, ni maneno. Mgonjwa anapopewa dawa yenye jina la ugonjwa mwingine, dakika mbili za kumweleza sababu ni sehemu ya dawa. Wahudumu wetu wana foleni ndefu, hilo twalijua. Lakini dakika mbili hizo zingeiokoa nyumba ya Bondeni na fitina ya miezi.

Lakini hatutaki kuwatetea wenye kipandauso kwa kuwatupa wenye sonona. Na kama binti huyu angekuwa na sonona, kingebadilika nini? Sonona ni maradhi, yana dalili, yana tiba, na huwapata wenye kusali tahajudi na wasiosali. Isitoshe, maradhi haya mawili mara nyingi hufuatana, kwani mtu anayelazwa na maumivu wiki baada ya wiki moyo wake huchoka. Mwanamke akihisi hivyo na amwambie daktari bila haya, maana huenda akahitaji kipimo kingine au dawa nyingine. Na kuhusu ile kauli ya kwamba watu wa Mombasa walificha aibu siku ya posa, hukumu ya aibu zinazoathiri ndoa ni ya makadhi wetu, si ya simu ya wifi. Mume akiwa na shaka, haki ya mke wake ni kusikilizwa kwanza, kisha waende wote wawili kwa yule aliyeiandika dawa. Tungependa sana aende. Wanaume wengi hawajawahi kukaa katika kiti cha chumba cha daktari karibu na wake zao, na siku wanayokaa ndiyo siku maneno ya barazani yanapoisha.

Swali la pili: asiviache. Na kama kuna sababu ya kuviacha, asiviache ghafla. Kipimo hupunguzwa pole pole kwa wiki kadhaa kwa maelekezo ya daktari, kwani mwili uliozoea dawa ukikatiwa mara moja huleta kichefuchefu, fadhaa, usingizi mbovu na kichwa chenyewe.

Inafaa ajue analotarajia. Wiki mbili za kwanza mtu hupata taabu za dawa kabla ya faida yake. Atalala mno, na asubuhi atahisi kichwa kimejaa pamba. Kinywa kitakauka. Huenda akafunga choo. Baadaye baadhi yao huongezeka uzito, na hili ndilo linalowafanya dada wengi waiache bila kumwambia mtu. Taabu ya usingizi hupungua kadiri siku zinavyopita, na husaidia kumeza kidonge saa moja au mbili kabla ya kulala. Kinywa kikavu husaidiwa kwa kunywa maji kidogo kidogo; choo kwa maji, mboga, mapapai na kutembea. Faida ya dawa huanza kuonekana baada ya wiki nne hivi, na haifai kuihukumu kabla ya miezi miwili au mitatu ya kipimo kinachofaa. Lengo nalo tuliseme: madaktari huhesabu kuwa dawa imefaulu ikiwa mashambulio yamepungua kwa nusu. Siku saba zikiwa tatu, huo ni ushindi. Ikifaulu, huendelea kwa miezi sita hadi mwaka, kisha hujaribiwa kupunguzwa.

Ndiyo maana daftari ni la lazima. Chukueni daftari la shule la mistari, mwandike kila siku ya kichwa: tarehe, ilianza saa ngapi, ilikuwa siku ya ngapi ya hedhi, alilala vipi usiku uliopita, alimeza nini na vidonge vingapi. Daktari akiona miezi mitatu ya daftari hilo atajua mengi kuliko kipimo cha mashine. Mama mkwe naye akitaka ushahidi, upo.

Dawa hii si ya kila mtu. Mwenye ugonjwa wa moyo, hasa wa mapigo yasiyo na mpango, au aliyepata shambulio la moyo hivi karibuni, asiimeze bila kupimwa. Mwenye presha ya macho, mwenye kifafa, na anayepata taabu ya kukojoa wamweleze daktari kabla. Asichanganye na dawa nyingine za sonona, wala tramadoli, bila idhini, kwa kuwa baina yao kuna hatari. Mjamzito, anayetaka mimba na anayenyonyesha wana hesabu yao ya peke yao. Mara nyingine daktari huona dawa iendelee, mara nyingine huibadilisha, lakini ni lazima ajue. Kadhalika zile dawa nyingine za kinga zina masharti: propranololi haiwafai wenye pumu, na valproeti, dawa ya kifafa itumikayo pia kwa kichwa, ina madhara makubwa kwa mtoto aliye tumboni, haifai kupewa mwanamke anayeweza kushika mimba kwa ajili ya kipandauso.

Na jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha katika kliniki za uzazi. Mwanamke ambaye kipandauso chake hutanguliwa na vimulimuli au ganzi asitumie vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni ya estrojeni, kwa sababu vinazidisha hatari ya kiharusi. Ziko njia nyingine za kupanga uzazi zisizo na homoni hiyo. Akiulizwa kama ana maradhi yoyote, asijibu hapana kwa kudhani kichwa si maradhi.

Tuje katika Ramadhani. Kufunga huwachokoza wenye kipandauso, hilo lajulikana: tumbo tupu, maji kupungua, usingizi kukatwa na daku, na zaidi ya yote kafeini kukatwa ghafla. Aliyezoea vikombe vinne vya chai ya rangi na kahawa mchana, siku ya kwanza ya mfungo alasiri kichwa humjia kama deni. Basi apunguze tangu Shaabani, kikombe kimoja kila siku chache. Daku asiiache, na aichelewesha ni bora. Iwe na chakula kinachokaa tumboni na maji ya kutosha. Mfungo wetu huku karibu na ikweta hauzidi sana saa 13 na nusu, na wengi wenye kipandauso huuweza kwa matayarisho.

Amitriptilini yenyewe ina wepesi mmoja kwa mfungaji, nao ni kwamba hunywewa mara moja tu, usiku. Anaweza kuimeza baada ya tarawehe. Akiona haamki daku, ailete mbele kidogo, baada ya futari, kwa kushauriana na aliyemwandikia. Kinywa kikavu mchana kitakuwa mtihani, hasa wiki za kwanza. Kwa hiyo si vyema kuianza dawa hii siku tatu kabla ya mwezi kuandama. Aanze Rajabu, au asubiri. Na kama kichwa kitamshika mchana wa mfungo kwa nguvu ile ya kutapika, ruhusa ya mgonjwa iko wazi katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, kwamba ale na alipe siku nyingine. Kuna mama wanaoona haya kufungua mbele ya wakwe. Katika hili wenye kuona haya wangekuwa wakwe wanaomlazimisha.

Kuhusu hali ya hewa ya Nakuru tumeulizwa na wengi. Mji uko mita zipatazo 1,850 juu ya bahari, na asubuhi za Julai ni za kujifunika mablanketi mawili. Mabadiliko ya hali ya hewa huwachokoza baadhi ya wagonjwa, lakini tusiibebeshe baridi kila kitu. Ukiyachunguza maisha ya binti aliyetoka pwani, utaona safari za basi za usiku kucha akirudi kwao na kwenda tena, mtoto mchanga, kifungua kinywa kinachoachwa, na chumba kilichofungwa dirisha kwa baridi huku udi unafukizwa. Harufu kali ni adui mkubwa wa kichwa hiki. Sisi watu wa pwani tunapenda manukato, na hatuwaambii muache udi na asumini. Lakini chumba cha mwenye kipandauso kifukizwe asipokuwemo, na dirisha lifunguliwe kabla hajaingia. Saa za kulala na kuamka ziwe zile zile, Jumamosi kama Jumatatu. Hilo peke yake, likishikwa kwa mwezi mmoja, huwasaidia baadhi ya watu sawa na kidonge.

Dua, ruqya na kisomo haviwi badala ya dawa, wala dawa haiwi badala yake. Anayemwambia mgonjwa amwage vidonge ili kisomo kifanye kazi anachukua dhima nzito, na tunawaomba walimu wetu waliseme hili wazi misikitini.

Si kila kichwa cha kungojea, vilevile. Maumivu yanayolipuka ghafla yakafika kilele ndani ya dakika chache, kichwa chenye homa na shingo ngumu, udhaifu wa mkono au mguu wa upande mmoja, maneno kupotea, kichwa kipya baada ya umri wa miaka 50, kichwa baada ya kuanguka, au kichwa kikali cha mjamzito mwenye uvimbe na kuona ukungu: haya yote ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Kwa wa Nakuru, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, ile ambayo wenyeji bado wanaiita PGH, haifungi usiku.

Yamebaki mawili kwa ajili ya likizo, kwa kuwa binti anakuja Mombasa na wanawe mashule yakifungwa. La kwanza ni malaria. Huko Nakuru ni kwa nadra, huku kwetu ipo, na kichwa cha malaria huweza kudhaniwa ni kipandauso kile kile. Akipata homa apimwe damu. Akikutwa na malaria, kabla ya kumeza dawa mseto ya artemetha na lumefantrini amwonyeshe mhudumu pakiti yake ya amitriptilini, kwa sababu dawa hizi mbili zikikutana zaweza kuugusa mwendo wa moyo, na mhudumu ataamua lifanyike nini. Malaria isiachwe bila kutibiwa kwa hofu hiyo, aulize tu.

La pili ni watoto. Vidonge vya amitriptilini ni vidogo, vingine vina rangi ya kupendeza na ganda laini kama peremende, na vichache tu vinatosha kumuua mtoto mdogo kwa kusimamisha moyo wake. Visikae mkobani, wala chini ya mto, wala juu ya friji ya bibi. Viwekwe katika kabati lenye kufuli, na ufunguo ashike mtu mmoja. Mtoto akishukiwa kumeza hata kimoja, asitapishwe wala asipewe maziwa nyumbani. Achukuliwe hospitali papo hapo pamoja na pakiti yenyewe, hata kama anacheza na anaonekana mzima.